Sehemu ya Mwisho Tuliyoiona Bila Sauti

Sabuni ya mche inapokatwa kwa waya, harufu yake hunipeleka kwenye baraza moja pale Makwale, hata kama nimesimama kwenye duka la mtu mwingine. Mama Zuhura alikuwa akikata sabuni hivyo huku macho yake yakiwa juu kwenye rafu, ambako runinga ilikaa kati ya madumu ya mafuta ya kupikia na paketi za chumvi. Kwa hiyo vipande vilitoka vimepinda. Aliyepata kinene aliishukuru tamthilia. Aliyepata chembamba alinung'unika, na Mama Zuhura alimjibu bila kugeuka, "Ngoja matangazo, mwanangu, nitakuongezea."

Mama Zuhura hakuwa mtu wa kwetu. Mumewe alimtoa pwani akamleta Kyela alipofuata biashara ya mchele, na ingawa alikaa nasi mpaka akajua kuamkia kwa Kinyakyusa, Kiswahili chake kilibaki na utamu ambao sisi tuliokizoea darasani hatukuwa nao. Jioni aliwaacha majirani waingie. Wanawake walikaa juu ya magunia, watoto sakafuni, na mlango uliachwa wazi ili na walioko barazani waone.

Mimi nilikuwa nakwenda na wadogo zangu wawili, Lusajo na Tupo. Baba alikuwa ametangulia, na mama akamfuata kabla mpunga wa msimu ule haujavunwa. Tulibaki na bibi yetu mzaa baba, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kumkataa. Lusajo alikuwa ameshaanza shule. Tupo alikuwa bado wa kukaa mapajani. Mimi nilikuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi, na watu wazima walikuwa wameanza kunyamaza kila nilipotokea. Mtoto akishafiwa hujifunza haraka maana ya watu wazima kunyamaza. Nilijua wanatugawa. Lusajo aende kwa baba mdogo, Kyela mjini. Tupo aende kwa shangazi, kule Lyulilo ufukweni, ambaye hakujaliwa mtoto. Mimi nibaki na bibi. Hakuna aliyeniambia, ila nililijua kama mtu anavyojua kwamba mvua inakuja.

Ndiyo maana ile tamthilia ilinishika. Ilikuwa ya nchi ya mbali, imewekewa sauti za Kiswahili, na ilihusu msichana aliyefiwa na wazazi akabaki na wadogo zake wawili, mvulana na msichana. Jina lake lilikuwa gumu, sisi tukamwita Kilemba kwa sababu ya kitambaa cha njano alichojitanda kichwani. Kilemba alifua nguo za watu, alibeba matofali, alidanganya kuwa ameshiba. Akidhulumiwa, wanawake wa kwetu waliguna wote pamoja. Mimi sikuguna. Nilikuwa nikimwangalia kama mwanafunzi anavyomwangalia mwalimu ubaoni, nikisubiri kuona hesabu inaishaje, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa yangu.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa siku ya mvua. Mtu wa Kyela hahitaji kuelezwa mvua ya kwetu inavyopiga bati. Picha tuliiona. Sauti hatukuipata hata neno moja.

"Kasemaje?" aliuliza mmoja.

"Sijasikia."

"Mama Zuhura, ongeza sauti."

"Yangu imefika mwisho. Mwombeni Mungu apunguze ya kwake."

Kilemba alikuwa stesheni. Wadogo zake walikuwa wameshaingia kwenye treni. Sisi treni tulikuwa hatujaiona, na Lusajo alikuwa ameshatueleza kuwa ni kama meli ya ziwani pale Itungi, ila hii inakwenda nchi kavu na ina madirisha mengi kwa sababu haiogopi maji. Kilemba alisimama peke yake karibu na nguzo. Akatokea mzee mmoja mwenye koti refu. Walisemezana kidogo, midomo tu inacheza. Halafu ghafla Kilemba akavuta kile kitambaa cha njano, akafunika uso wote, akamgeuzia mzee mgongo, akautazama ukuta. Mzee akapanda treni. Kilemba hakugeuka mpaka treni ikaondoka.

Bibi yangu, aliyekuwa juu ya gunia la unga, akapiga kofi moja dogo. "Eeh. Mkwewe huyo."

Wanawake wakaitikia. Ilikuwa wazi kama mchana. Kwetu, kwa desturi ya wazee, mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Mama yangu, babu alipokuwa hai, alikuwa akimwona kwa mbali tu anaacha njia, anaingia kwenye michikichi na mzigo wake kichwani, anageuka na kufunika uso mpaka mzee apite. Nilikuwa nimesimama naye humo mara nyingi, nikiumwa na mbu, nikimwuliza kwa nini tunamwogopa babu, naye akininong'oneza kuwa hatumwogopi, tunamheshimu. Kwa hiyo nilipomwona yule msichana anafunika uso mbele ya mzee, sikuhitaji sauti.

"Mkwe gani, bibi?" alisema Mama Zuhura. "Msichana mwenyewe hajaolewa."

"Wewe umeona yote? Juzi ulikuwa unapima sukari. Mtu hafuniki uso bure."

"Kwetu mtu akijifunika hivyo analia."

"Kwenu mnalia mbele ya wakwe?"

"Kwetu mkwe ni kama baba. Unamwamkia, unamwandalia chai, anakunywa, anakuombea dua."

Wakamtazama kwa huruma. "Unampa chai mkononi?" mmoja akauliza, kama anayesikia habari za ajali.

Kabla Mama Zuhura hajajibu, radi ilipiga upande wa mto. Runinga ikatoa moshi mwembamba, ikazima. Tulikaa gizani tukinusa harufu ya waya ulioungua pamoja na ile ya sabuni. Mama Zuhura akashika kiuno.

"Haya basi. Yeye kapata mume, mimi nimefiwa na runinga."

Watu walicheka mpaka wakasahau mvua. Mimi sikucheka. Tupo alikuwa mapajani mwangu, mzito, nikadhani amelala. Nilikuwa nimeshaipata hesabu yangu. Kilemba aliolewa. Alimwona mkwewe, akafunika uso, na alipofunua uso wadogo zake hawakuwapo. Nikaelewa kwamba hivi ndivyo ndugu wanavyopotea, kwamba si lazima wafe wala wafukuzwe, yatosha mkubwa wao kugeuza shingo. Nikajiapia kimyakimya kwamba mimi sitageuka.

Ndugu walikuja siku chache baadaye, arobaini ya mama ilipokwisha. Baba mdogo alikuja na pikipiki ya rafiki yake. Shangazi alikuja kwa miguu kutoka kituo cha magari pale barabarani, amebeba kichwani chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ufukweni kwao, kwa ajili ya bibi na gauni jekundu la mtoto ndani ya mfuko. Alikuwa na uso wa baba, jambo lililonifanya nishindwe kumwangalia kwa muda mrefu. Wazee wachache walikaa uani. Chakula kililiwa. Kisha baba mdogo akasimama.

"Suba, mlete Lusajo. Pikipiki ni ya watu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Wadogo zangu walikuwa ndani, nyuma yangu.

"Haendi, ba mdogo."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mkubwa."

Wazee wakacheka, si kwa ubaya. Baba mdogo hakucheka. Msichana wa kwetu akisemezana na mtu mzima hutazama chini, na mimi nilikuwa namtazama machoni. Nilikuwa naogopa kwamba nikishusha macho kidogo tu, hata kwa adabu, nitakapoyainua uwanja utakuwa mtupu na wadogo zangu hawapo.

Shangazi akaja karibu. Alisema polepole, "Na Tupo, mwanangu? Tupo nitamlea mimi. Hatapungukiwa kitu. Ziwa lipo, samaki wapo, mimi nipo peke yangu."

"Tupo naye haendi, shangazi. Tutakaa wote."

"Mtakula nini?"

"Shamba lipo."

"Na shule yako?"

Nikashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, na wote wakaelewa jibu. Baba mdogo akaanza kusema juu ya watoto wa siku hizi. Bibi akamkatiza kutoka kwenye mkeka wake.

"Mwache. Akitaka kubeba, abebe. Nipo hapa, akichoka nitamtua."

Shangazi aliliacha lile gauni jekundu juu ya mkeka, akaondoka. Shuleni sikurudi. Nimewahi kufikiri kwamba kama ningerudi walau wiki moja tu, wenzangu ambao runinga za kwao hazikuungua wangenisimulia jinsi tamthilia ilivyokwisha, nami ningejua mapema. Lakini nilikuwa kwenye mpunga na bibi, najifunza kutenganisha mche wa mpunga na magugu yanayofanana nao, na huko hakukuwa na mtu wa kunisimulia.

Tulikua. Sisemi tulikua vizuri, nasema tulikua. Bibi alinitua mara nyingi kama alivyoahidi, mpaka siku ambayo ilibidi sisi tumbebe yeye kumpeleka kaburini. Lusajo alimaliza sekondari, akaanza kuendesha bodaboda mjini. Tupo alijifunza cherehani. Kuna mwanamume wa Ipinda aliyenisubiri, mtu mwema, na nilimpenda. Alinisubiri mpaka akachoka, akaoa kwingine. Wazazi wake walipokuja kuuliza habari yangu nilihisi kama nimesimama kwenye ile stesheni. Niliwaamkia, nikawaandalia chai, nikawaambia hapana.

Siku moja Lusajo akaja na diski ya ile tamthilia. "Dada, nimempata Kilemba wako. Yote, mwanzo mpaka mwisho." Tulikuwa na runinga yetu ndogo wakati huo. Tuliitazama jioni kadhaa, na ilipofika sehemu ya mwisho hapakuwa na mvua. Nikasikia kila neno.

Yule mzee hakuwa mkwe wa mtu. Alikuwa baba wa mama yao, aliyetoka mbali, na Kilemba mwenyewe ndiye aliyemwita. Walipokuwa wamesimama pale kwenye nguzo, Kilemba alimwambia, "Wachukue, babu. Usiwaambie kwamba nimefika hapa."

"Na wewe, mjukuu wangu?"

"Mimi ni mkubwa. Nitajua pa kwenda."

Ndipo akafunika uso. Alikuwa analia, kama Mama Zuhura alivyosema.

Lusajo alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe bibi alimwoza mtu bure!" Mimi nilisema nakwenda kuangalia moto, nikatoka. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Nilichokidhani kuwa ni harusi kilikuwa jambo lile lile nililolikataa mlangoni kwetu, tena yeye alilifanya kwa hiari, na wale waliotunga hadithi walikuwa wamelipigia muziki mzuri ili watu wamwone shujaa. Kwa miaka mingi nilikuwa namlaumu kwa kuolewa. Usiku ule nikamlaumu kwa kuchoka. Nilijiambia kwamba hakuwa mkubwa wa kweli, kwamba mkubwa wa kweli habaki kwenye nguzo. Nikaweka sufuria chini, nikarudi ndani, na sikutaka tena kusikia habari zake.

Mwaka huu, mvua zilipochanganya, Tupo alikuwa akishona barazani na mimi nilikuwa ndani nakunja viroba. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeona ana neno la kuniambia. Alikuwa akianza kusema, kisha anauliza kama chumvi ipo. Siku ile cherehani ikanyamaza.

"Dada, njoo uone."

Alikuwa na simu mkononi. Nilipomtambua Kilemba nikataka kurudi ndani, lakini akanivuta mkono, akanipa upande mmoja wa hedifoni kwa sababu mvua ilikuwa inanguruma juu ya bati. Tukakaa bega kwa bega, waya ukituunganisha masikio. Nilikuwa nimeshawazidi umri wote wa hadithi ile isipokuwa mzee. Nilimwona Kilemba kuwa ni mtoto. Hilo lilinishtua kuliko yote. Mara zile mbili nilimwona mtu mzima anayejua analofanya, na kumbe alikuwa na shingo nyembamba na mashavu ya msichana wa shule. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Mtu hawezi kumlaumu mtoto kwa kuchoka.

Treni ilipoanza kuondoka, Tupo akaisimamisha picha kwa kidole.

"Unamwona huyu?"

Alikuwa ananionyesha dirishani. Wale wadogo wawili walikuwa pale. Nimeitazama ile stesheni mara tatu katika maisha yangu, na nakiri sikuwa nimewahi kuangalia lile dirisha, macho yangu yalikuwa kwa mkubwa tu. Mvulana alikuwa anapepesa macho, anatafuta mtu kwenye umati. Yule mdogo alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, lakini hakuwa anatazama nyuma. Alikuwa anatazama mbele, kule treni inakokwenda, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama wa mtu anayeona sahani ya wali inakuja.

"Mimi nilikuwa namwangalia huyu tu," Tupo akasema.

"Lini?"

"Siku ile. Kwa Mama Zuhura."

"Ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala. Nilikuwa mapajani mwako na nilitaka kupanda."

"Kupanda nini?"

"Treni. Mbele yangu watu wazima hawakunyamaza. Nilidhani inakwenda kwa shangazi. Nilidhani ndiyo itakuja kutuchukua."

Mvua iliendelea. Nikautoa ule upande wa hedifoni sikioni.

"Mbona hukusema, Tupo?"

Aliizima simu. Hakusema kwa kulaumu, na ndiyo maana nimelishika neno lake mpaka leo. "Ulikuwa umesimama mlangoni, dada. Na nyumba ilikuwa na mlango mmoja."

Sijuti. Nikirudishwa siku ile nitasimama tena pale pale, kwa sababu niliona walichotaka kutufanyia na nilikuwa na mwili wangu tu wa kukizuia. Tulikula pamoja, tuliugua pamoja, Lusajo alipooa sisi wote tulikuwepo. Lakini mtu anayeziba mlango huwa amewapa mgongo walio ndani. Nilikuwa nimeapa kutogeuka, na kwa kutogeuka sikuona uso wa mtoto niliyekuwa namlinda. Aliishi na mimi miaka yote hiyo akiwa na safari moja ambayo hakuianza, na wala hakunichukia.

"Sasa mbona unaniambia leo?" nikauliza.

Ndipo likatoka. Shangazi alikuwa amepiga simu. Magoti yamekwisha, maji anachotewa na majirani. Siku za soko Lyulilo hujaa watu, wengine wanakuja kwa mitumbwi na vyungu vyao, na hakuna fundi wa nguo wa karibu. Shangazi alimwambia chumba kipo, kimekuwepo tangu zamani, hajawahi kumweka mtu humo.

"Nilimwambia nitakuuliza," Tupo akasema. "Ukikataa naelewa. Utabaki peke yako hapa."

Nilimtazama. Mtu mzima mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini tatu zimechomekwa kwenye blauzi. Maneno mengi yalinijia, na yote yalikuwa na umbo la mlango.

"Unakwenda lini?"

"Ninaomba ruhusa kwanza, dada."

"Mimi nimeuliza lini."

"Soko lijalo."

Niliingia ndani nikatoa mchele, ule mpya, wenye harufu, niliokuwa nimeuficha kwa ajili ya Krismasi. Nikaumwaga kwenye ungo, nikaketi barazani mahali penye mwanga, nikaanza kuchagua. Tupo alinitazama kidogo, kisha akasogeza cherehani pembeni, akavuta kigoda akakaa upande wa pili. Tulichagua bila kusema. Kila nilipomaliza ungo mmoja nilimimina kwenye kiroba na kujaza mwingine.

"Dada, huo umeshakuwa mwingi. Hata kule mchele unauzwa."

"Chagua vizuri," nikamwambia. "Usiache hata jiwe moja. Shangazi yako amekungoja muda mrefu."